TFC yako isikufe ndani ya kabati: kuandika tatizo na kuonyesha njia

Maneno tuliyoongea mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, Bukavu

Tunajua wengi wenu muko na presha: direktere anangojea kichwa cha kazi, feza ya dipo haiko, na nyumbani wanauliza kila siku, “Utamaliza lini?” Hatukuja kuwaongezea mzigo. Tumekuja kuongea juu ya kazi yenye mutaandika hata hivi, muwe mumependa ao hapana, na kuwaomba kitu kimoja: muiandike ili iweze kusaidia mutu.

Kila mwaka katika inchi yetu wanafunzi wanaandika TFC na memware juu ya matatizo ya Kongo: maji, umeme, taka, bei ya soko, ajali za moto, nyumba zinazobomoka wakati wa mvua. Tungeweza kufikiri inchi yenye kuandika matatizo yake namna hiyo ingekuwa imeshayamaliza mengi. Lakini kazi inatetewa asubuhi, watu wanapiga picha na maua, na kisha kitabu kinaingia ndani ya kabati. Mwanafunzi wa mwaka unaofuata anakuja, anakifungua, ananakili kurasa ishirini, na kabati inafungwa tena.

Na ukisoma sura ya mwisho, ile ya “mapendekezo”, mara mingi unakuta maneno yaleyale: serkali itengeneze barabara, wakubwa wahamasishe raia, raia wabadilishe mawazo, mashirika yaleteshe msaada. Hakuna tarehe, hakuna bei, hakuna jina la biro. Pendekezo lenye halina mutu wa kulitimiza ni maombi tu. Maombi tunayo kanisani, na huko wanayafanya vizuri kuliko sisi.

Sisi kama vuguvugu la raia tunaguswa na jambo hili sana. Tukipeleka barua kwa mukubwa, kitu cha kwanza tunachoulizwa ni hiki: “Munasema tatizo iko kubwa. Kubwa namna gani? Munataka tufanye nini?” Hasira peke yake haijibu swali hilo. Linajibiwa na kazi ya mutu aliyehesabu, aliyepima, aliyesoma sheria, aliyepiga hesabu ya feza. Na watu wenye kufundishwa kufanya kazi hiyo ni ninyi.

Basi tuchukue mufano moja wa hapa Bukavu, tuufuate toka mwanzo mpaka mwisho.

Wote munajua ziwa Kivu liko na mulango moja tu wa kutokea: mto Ruzizi, hapa kwetu, unaoteremuka mpaka ziwa Tanganyika. Kwenye mto huo kuko barraji ya Ruzizi ya kwanza, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ya pili, iliyofika mwaka 1989, yenye umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Sasa fuateni safari ya sashe moja. Inatupwa kwenye mufereji huko juu ya kilima. Mvua inanyesha. Mufereji unaipeleka kwenye mto kama Kawa, Kawa inaipeleka ziwani, na maji ya ziwa yanaisukuma pole pole kwenye ule mulango moja. Huko inakutana na shupa na sashe zingine, zinaziba njia ya maji yanayoingia kwenye mashini, na wafanyakazi wanapaswa kuzitoa. Mashini ikisimama, taa inazimika kwako, wewe mwenye kungojea umeme ili uandike TFC yako juu ya mazingira.

Mwanafunzi mwenye bidii anasikia hadithi hiyo na anaandika kichwa: “Usimamizi wa taka katika muji wa Bukavu.” Hapo tayari amepotea. Muji muzima, komini zote, taka za aina zote, mutu moja, miezi tano, bila usafiri? Haiwezekani. Ataishia kunakili.

Kanuni ya kwanza yenye tunawapa ni hii: chagua tatizo lenye unaweza kulifikia kwa miguu. Badala ya Bukavu nzima, chukua soko moja ao avenii tatu zinazopakana na mufereji moja. Uliza swali lenye linaweza kupata jibu: “Taka za avenii hizi tatu zinafika mtoni kwa njia gani, na nini kinaweza kufanywa ndani ya mwaka moja ili zipunguke?” Kichwa kidogo hakipunguzi heshima yako mbele ya jiri. Kinakupa nafasi ya kujua kitu kimoja kuliko kila mutu aliyekaa ndani ya sale ile.

Kanuni ya pili: hakikisha tatizo iko, usiseme tu. “Taka ni nyingi sana” haisemi kitu. Chagua sehemu tano kando ya mufereji. Pita kila siku saa ileile kwa majuma mawili, ukichanganya siku za soko na siku zingine. Azima mizani kwa mama anayeuzisha maharagi. Pima, tenganisha: plastiki pembeni, maganda ya chakula pembeni, vingine pembeni. Andika siku mvua ilinyesha. Kama ulipima mwezi wa saba tu, wakati wa kiangazi, sema wazi kwamba ulipima wakati wa kiangazi, kwa sababu mvua ikirudi mufereji unabadilika kabisa. Kisha ingia ndani ya nyumba, lakini usichague zile za marafiki. Hesabu, ingia kila nyumba ya kumi, uliza maswali yaleyale kwa wote. Namba zako zitakuwa kidogo, lakini zitakuwa za kweli, na mutu mwingine ataweza kurudia kazi yako na kuona kama ulisema ukweli. Njo maana ya utafiti.

Na hapa mutuelewe vizuri: linda watu wenye walikuambia ukweli. Mama akikuambia mutoza kodi anamuomba feza ya pembeni, usiandike jina lake wala nafasi ya meza yake. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Wewe utapata diplome na utaenda. Yeye kesho asubuhi atarudi palepale.

Kanuni ya tatu: tafuta chanzo, na usisimame kwa chanzo cha kwanza. Hapa njo wengi wanaanguka. Wanaandika: “Chanzo ni ukosefu wa ufahamu wa raia.” Yaani watu ni wachafu. Ni rahisi kuandika hivyo, na wakubwa wanapenda kusoma hivyo. Lakini uliza tena. Juu ya nini mama huyu anatupa taka kwenye mufereji? Kwa sababu hakuna mutu anapita kuzichukua. Juu ya nini hakuna mutu anapita? Kwa sababu motokari haiwezi kuingia ndani ya avenii, ni ngazi na udongo tu. Juu ya nini hakuna njia? Kwa sababu viwanja viliuzwa kwenye mutelemuko bila kuacha nafasi. Nani aliweka sahihi kwenye karatasi za viwanja hivyo? Ona umbali tumetembea: tulianza na mama mwenye sashe mkononi, tumefika kwenye biro yenye muhuri.

Hatusemi raia hana kosa. Kuko mutu anayepita karibu na pubeli na anatupa shupa chini. Huyo naye umuandike. Tunasema uweke kila chanzo mahali pake, na uonyeshe ni kipi kina uzito zaidi kufuatana na ulichopima. Kama katika nyumba zako nyingi wamekuambia wako tayari kulipa kidogo ili taka zichukuliwe, basi huwezi tena kuandika kwamba tatizo ni “mawazo ya watu”.

Kanuni ya ine: kabla ya kuleta dawa yako, uliza dawa zingine zilifanya nini. Inchi yetu haikukosa sheria. Artikle ya 53 ya Katiba ya 2006 inasema kila mutu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, tena ana deni la kuyatetea. Artikle ya 48 inataja haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Na tarehe 30 Desemba 2017 serkali ilitia sahihi dekreti ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuzisha na kutumia sashe za plastiki. Leo enda sokoni ununue nyanya. Utapewa ndani ya nini?

Hilo ni swali la TFC nzima! Sheria iko, sashe iko. Ni kwa sababu hakuna ukaguzi? Ao kwa sababu hakuna kitu kingine cha bei ndogo cha kubebea? Ao ziko watu wenye wanapata faida na wana nguvu ya kuzipitisha mupakani? Usijibu kutoka kichwani; enda kuuliza wauzishaji, wanunuzi, watu wa duane. Angalia pia majirani. Rwanda ilikataza mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Tunajua wengine kati yenu wakisikia jina la jirani moja roho inapanda, na sababu tunazijua. Lakini kujifunza kitu si kumusifu mutu. Angalia kilichofanya kazi, angalia nani aliumia, angalia nini haiwezi kutembea kwetu.

Sasa tufike kwenye kanuni ya tano, kiini cha kazi yote: suluhisho. Usilete moja tu. Leta mbili ao tatu, uzipimane mbele ya musomaji kwa maswali yaleyale: itagarimu ngapi? Nani ana uwezo wa kuifanya kufuatana na sheria? Itachukua muda gani? Nani ataumia? Kisha miezi sita, nani ataendelea kuilipia?

Tujaribu. Suluhisho A: polisi ipite sokoni inyanganye sashe. Haigarimu sana, na inafanyika kesho. Lakini nani ataumia? Mama mwenye meza ndogo. Mwenye depo anabaki salama. Na polisi wakiondoka, sashe zinarudi, pengine kwa bei ya juu na feza ya pembeni.

Suluhisho B: kuweka wavu mahali mto unapoingia ziwani. Unazuia plastiki isifike barraji. Lakini nani atausafisha kila siku, na taka zenye zimetolewa zitapelekwa wapi? Kama hakuna jibu, tumehamisha taka tu.

Suluhisho C: vijana wa kartie wachukue taka nyumba kwa nyumba, na mifuko mugongoni juu bruweti haipandi ngazi, wazipeleke mahali motokari inaweza kufika. Hii inaonekana muzuri. Lakini piga hesabu! Tuchukue namba za mufano tu: nyumba 200, kila moja inalipa franka 500 kwa juma. Ni franka 100,000 kwa juma, 400,000 kwa majuma mane. Vijana wane, kila moja apate 80,000: ni 320,000. Inabaki 80,000 ya ganti, mifuko na matengenezo. Sawa. Lakini kama nusu ya nyumba tu ndio zinalipa? Unabaki na 200,000. Kila kijana 50,000, ganti hakuna, na mwezi wa pili kazi inakufa.

Umeona? Hesabu ya mistari tano imeonyesha kitu chenye kurasa kumi za maneno makubwa haziwezi kuonyesha: suluhisho C inategemea nani anajaza pengo. Hapo njo unarudi sokoni. Wauzishaji wanalipa takse kila siku. Sehemu gani inarudi kusafisha soko? Sheria ya mwaka 2008 juu ya muji, komini, sekta na sheferi inaonyesha kazi za kila ngazi. Isome. Badala ya kuandika “serkali ifanye”, andika: biro fulani ya komini, kwa uwezo iliopewa na artikle fulani, itenge kiasi fulani kutoka takse ya soko, kuanzia mwezi fulani, na itangaze hesabu kwenye ubao wa soko kila mwisho wa mwezi. Pendekezo kama hilo, mukubwa anaweza kulikubali ao kulikataa, lakini hawezi kujifanya hakulielewa.

Kanuni ya sita: andika mwenyewe mabaya ya suluhisho lako. Usingojee jiri ikuulize. Sema: “Watu watasema nyumba masikini haziwezi kulipa. Ni kweli; katika nyumba nilizopita, hizi ndizo zilisema hivyo, na napendekeza hivi.” Mutu mwenye kuonyesha udhaifu wa wazo lake anaaminiwa kuliko mwenye kusema kila kitu kitatembea.

Ndugu na dada, tuongee pia kitu chenye hakipendezi. Kuko mahali mutu anaweza kwenda na feza, akatoka na TFC yenye imekamilika, jina lake mbele, na hajui hata kilicho ndani. Siku hizi wengine wanaiomba mashini kwenye simu iwaandikie yote, na mashini inawapa vitabu vyenye havikuwahi kuandikwa. Tunaelewa presha. Tunaelewa pia kwamba kuko waalimu hawasomi. Lakini tujiulize: tukishika bango mbele ya biro ya muji tukisema “tumechoka na wizi”, na diplome zetu wenyewe ni za kununua, sauti yetu itatoka wapi? Kiongozi mwenye kuweka sahihi kwenye raporo yenye hakuisoma hakuanzia uminista. Alianza siku alipoona kwamba karatasi inaweza kusema uongo na hakuna kitu kinatokea.

Wengine watatuambia: “Inchi iko na vita, watu wanakimbia makwao, na ninyi muko munaongea juu ya sashe na TFC?” Swali hilo ni la haki, na linatuuma sisi wote. Jibu letu ni hili. Wakimbizi wanakunywa maji yaleyale. Kambi nayo iko na taka, na mama mukimbizi naye anauzisha sokoni. Tena, vita vitaisha siku moja, na siku hiyo inchi itahitaji watu wenye wanajua kutoa tatizo ndani ya kelele, kulipima na kulitafutia njia. Kama hatukujifunza sasa, wengine watakuja kutuandikia mipango, kwa luga ingine, na sisi tutabaki kubeba masanduku yao.

Mwisho, isiishie kwenye kabati. Kisha kutetea, fanya vitu vitatu. Andika ukurasa moja kwa Kiswahili: tatizo, namba tatu, suluhisho, bei. Rudisha ukurasa huo kwa watu wenye ulipita nyumbani mwao. Walikupa wakati wao, uko na deni. Kisha upeleke kwenye biro yenye uliitaja, uombe wakutilie muhuri wa kupokea kwenye kopi yako. Na kama watu wa avenii wanakubali, igeuzeni kuwa petisyo. Artikle ya 27 ya Katiba inampa kila Mukongomani haki ya kuandikia mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Andika tarehe. Hesabu siku. Siku ya tisini ikipita bila jibu, hapo tuite, tutakuja pamoja na wewe, kwa amani, na kopi yenye muhuri mkononi.

Tumezoeshwa artikle 15, ile ya kila mutu ajitafutie. Imetusaidia kuishi, lakini haiwezi kutujengea muji. Muji unajengwa na watu wenye kuandika ukweli, kuupigia hesabu, na kuusimamia mchana mbele ya kila mutu. Mwaka huu kila moja wenu ana kurasa arobaini ao sitini za kufanya hivyo. Muzitumie.

Sasa tuko tayari kwa maswali, na yale magumu njo tunayataka zaidi.